Karatasi Juu ya Ufa

Maneno yalianzia bombani: nyumba za fremu ya mbao hazionyi. Zinanyamaza, zinanyamaza, halafu ukuta unapasuka na kumkuta mtu kitandani. Aliyeyasema hakuona, alisikia kwa shangazi yake, ambaye naye alisikia. Hata hivyo mama mtu alikosa usingizi, maana mkwewe, seremala, mume wa binti yake, alikuwa amemjengea mkewe chumba cha namna hiyohiyo, na binti ni mjamzito wa leo kesho.

Akaenda kukipapasa kila kona. Pembeni mwa dirisha akaona ufa kwenye plasta, mwembamba kama unywele.

“Hahamii mtu humu!”

Mkwe akabandika kipande cha karatasi juu ya ufa, gundi huku na huku. “Huyu ndiye askari wetu, mama. Akichanika, ufa unatembea, bado unapanuka, na binti yako anabaki kwako. Akiwa mzima mpaka Jumamosi, tunahamia.”

“Na askari akisinzia?”

“Si upo wewe?”

Alikuwepo kwelikweli. Tena aliona amsaidie: mbao bado mbichi, basi zikauke upesi. Mkwe akienda kazini, yeye anaingiza jiko la mkaa, analisogeza mpaka ukutani, anapepea.

Alhamisi mchana ukuta ukalia ta! Karatasi ikachanika katikati.

“Si niliwaambia!” Yowe lake likawatoa majirani na miiko mikononi. Binti, aliyekisubiri chumba hicho tangu harusi, akaanza kuzifungua nguo alizokwisha kufunga, machozi yakimlengalenga.

Mkwe akaja mbio. Akaweka kiganja ukutani, akakitoa haraka.

“Mama, ukuta una homa?”

Mama mtu akajishughulisha na kufunga kanga yake upya.

“Mama,” binti akauliza, “jiko langu liko wapi?”

Lilikuwa nyuma ya mlango, limefunikwa karai, la moto bado. Mkwe akacheka mpaka akakaa chini. Akabandua ubao: nguzo ya ndani, upande wa jiko umenywea, upande wa pili una unyevu, imejipinda kama mtu mwenye kichomi.

“Mbao hukauka polepole, kwa hewa, kabla ya msumari,” akasema. “Hii nami niliiharakisha, nikaipigilia mbichi. Nilitaka mtoto atukute ndani.”

Akaweka nguzo kavu, plasta, na karatasi mpya. Mtoto hakungoja, alizaliwa kwanza, wakahamia wakiwa watatu. Karatasi ni nzima hadi leo. Mama mtu akifika huisalimu hiyo kwanza, ndipo mjukuu.

Mambo ya kuepuka:

Usijengee mbao mbichi, hata mtoto akiwa njiani.

Usiweke jiko karibu na ukuta wa mbao. Utaupasua, au utauchoma. Na mkaa ndani ya chumba huua.

Usizibe ufa kabla hujajua kama unatembea.

Usimwage maji ya kufulia chini ya ukuta, mbao zitalowa tena.

Karatasi ikichanika, usipige yowe. Ita seremala.