Jiko Lililozidi Chumba

Rusana, jirani mjane, alinunua jiko jipya la kuni mwanzoni mwa majira ya baridi. Jioni ya kwanza Mladen, wa nyumba ya pili, alikwenda kulitazama, akarudi mashavu yamemwiva kama pilipili za kuchoma.

"Lile ndilo jiko," akamwambia mkewe, Zdravka. Kesho yake akaenda tena, na keshokutwa pia.

Zdravka akabaki na jiko lake kuukuu, limepasuka ubavu, linatoa moshi kuliko joto. Akiwa dirishani aliwasikia wanaume wakicheza karata kwa Rusana, na katika vicheko vyote alikitambua cha mumewe. Nyumbani kicheko hicho hakikusikika tangu binti yao aolewe. Wivu ukamkwama kama mwiba wa samaki.

Akapanda basi hadi mjini Smolyan, kwa muuza majiko.

"Chumba chenu kikubwa kiasi gani, mama?"

"Jirani yangu ana la kilowati kumi na mbili. Nipe linalolizidi."

"Sijauliza jirani, nimeuliza chumba."

Zdravka akataja, shingo upande. Kilikuwa chumba kimoja chenye dari fupi, na jirani ana ghorofa mbili.

"Sita zinakutosha, tena zinabaki," yule bwana akasema. "Kubwa utalibana pumzi ili usiungue. Na kuni zikibanwa haziwaki vizuri, zinafuka tu. Moshi wake unaganda dohanini kama lami, na lami ile siku moja inashika moto."

"Bwana, unauza au unahubiri?"

Likaletwa la kilowati kumi na nne. Siku ya kwanza Mladen alivua sweta, akavua shati, mwisho akafungua madirisha theluji ikaingia hadi mezani.

"Mke wangu, hili jiko au tanuri la mkate?" Akachukua koti lake. "Angalau kwa Rusana mtu anapumua."

Maneno hayo yalimchoma Zdravka kuliko jiko lenyewe. Tangu hapo akawa analibana hewa mpaka moto unasinzia. Kioo cha mlango wa jiko kikawa cheusi, chumba kikanuka moshi, na Mladen hakuacha kutoka.

Jumapili moja mchana, Zdravka akiwa peke yake, dohani ikaanza kunguruma kama lori linalopanda mlima. Cheche zikaruka juu ya paa. Alikuwa ameshanyanyua ndoo ya maji, mara Rusana akaingia mbio, miguuni ana kandambili za ndani zilizojaa theluji, Mladen nyuma yake.

"Weka ndoo chini! Chuma kitapasuka, mvuke utuchemshe! Mladen, waite zimamoto!"

Akafunga matundu yote ya hewa, akamshika Zdravka mkono, wakatoka. Zimamoto walipomaliza, dohani ilikuwa na ufa tangu juu hadi chini, lakini nyumba ilibaki imesimama.

Jioni ile wakaenda kulala kwa Rusana. Hawakuwa na pengine pa kwenda. Mladen akakaa kwenye kiti kilichozoea mgongo wake, na kabla chai haijapoa alikuwa anakoroma, mdomo wazi. Zdravka akashindwa kujizuia.

"Raha yenu ndiyo hii?"

Rusana akacheka hadi akashika mbavu. "Shoga, ulidhani namtaka huyu? Akiamka anatafuna mbegu za alizeti, maganda yote zuliani!"

"Basi mbona humfukuzi?"

Kicheko kikamkauka. "Nyumba yangu ikinyamaza inanitisha. Na wewe nilikualika mara ngapi? Kila siku una shughuli. Mimi nikikusikia unamgombeza mumeo, nakuonea wivu. Wewe una wa kumgombeza."

Zdravka akamwongezea chai mwenzake.

Dohani ilipojengwa upya, wanawake hao wawili walipima chumba kwa kamba, wakaenda pamoja Smolyan, jiko likabadilishwa kwa lile dogo. Linawaka kwa mwali mkali, kioo safi, na Mladen hubaki na shati mwilini. Jioni nyingine hukaa nyumbani, nyingine huenda kwa Rusana yeye na mkewe, Zdravka na sinia lake la banitsa, mkate wa matabaka wenye jibini.

Wivu haukumtoka wote. Mladen akicheka mno kwa utani wa Rusana, mkewe humsogezea sahani na kumkanyaga mguu chini ya meza.

"Kula," humwambia, "kabla haijapoa."