Kicheko cha Kiti cha Tatu

Kazi yangu ilikuwa kucheka, na anayeona hiyo si kazi aje ajaribu. Kile kipindi cha vichekesho cha televisheni, kinachosimulia historia ya mji wetu tukio moja kila wiki, hurekodiwa mbele ya watazamaji waalikwa, na waalikwa ni watu wagumu. Wanakaa wamekunja mikono kana kwamba wanasubiri kuitwa na daktari. Ndiyo maana tulikuwepo sisi waanzishaji wa kicheko, tumechomekwa kati yao. Mimi nilikaa kiti cha tatu, safu ya pili, kipaza sauti kikining'inia juu ya kichwa changu. Nikianza mimi, ukumbi mzima unafuata. Waliniita Kengele.

Miaka minne nilicheka kila nilichowekewa mbele. Halafu Jumanne moja nikaona juu ya meza ya mwongozaji mchezo wa wiki hiyo: moto wa soko kuu.

Hadithi hiyo kila mtu mjini anaijua. Soko linaungua, gari la zimamoto linafika, mpira wa maji unafunguliwa, hata tone halitoki. Dereva wake akabandikwa jina la Mkavu, na mpaka leo, miaka thelathini imepita, vijana ambao siku ile walikuwa hata hawajazaliwa wanamwita hivyo dukani. Mkavu ni baba yangu. Wasichosimulia ni kwamba asubuhi ile mkubwa mmoja wa halmashauri aliamuru maji ya lile gari yatumike kuosha barabara kwa ajili ya wageni, na bomba la kituoni lilikuwa halitoi maji. Baba alijua tangi ni tupu. Alikwenda kwa sababu ngazi zilikuwa juu ya gari, na kwa ngazi hizo walishushwa watu kumi na mmoja kutoka ghorofani. Halmashauri ikajikausha, lawama zote akabebeshwa yeye.

"Bosi," nikamwambia mwongozaji, "huyu dereva hakuwa mlevi."

"Kwangu ni mlevi. Dereva asiyelewa anachekesha nini?"

"Ni baba yangu."

Akanikodolea macho, kisha akatabasamu, mshenzi yule. "Safi kabisa! Leo utacheka kutoka moyoni."

Nilirudi nyumbani damu inanichemka. Baba alikuwa anapiga pasi shati lake. Nikamweleza yote. Nilidhani atafoka, lakini aliendelea kunyoosha kola.

"Na wewe utakuwepo?"

"Nisipokwenda wataweka mwingine kwenye kiti changu. Nitakwenda, nitakaa, na sitacheka. Nisipoanza mimi, hawaanzi."

"Wengine wacheke, nimeshazoea," akasema. "Wewe tu, mwanangu, usicheke."

Nikamwahidi.

Siku ya kurekodi, mwigizaji aliteremka kwenye gari la mbao akiyumba, akafungua mpira, akachungulia ndani yake, akautikisa, halafu akawaomba wachuuzi wapange foleni wateme mate tangini. Nitasema kweli: ilichekesha. Niliuma shavu kwa ndani mpaka nikasikia ladha ya damu, na nikamchukia yule mwigizaji kwa kipaji chake. Ukumbi ulinyamaza. Wakarudia. Kimya. Mara ya tatu mzee mmoja nyuma yangu akapiga mwayo, nami nikatamani kumkumbatia.

Mwongozaji akaja mbio mpaka safu ya pili. "Kengele! Umekufa?"

"Niko hai. Hakuna cha kuchekesha hapo."

"Toka. Na usikanyage tena hapa."

Nilitoka kichwa juu, nimefukuzwa kazi na ninajisikia kama niliyeshinda uchaguzi.

Jumapili saa tisa mchana kipindi kilirushwa. Nilikuwa nimeketi kando ya Baba, naye alikuwa amevaa lile shati. Nilikuwa nimeshamwambia asubiri aone walivyoumbuka. Mwigizaji akateremka akiyumba, akachungulia mpira, na kicheko kikapasuka kwenye televisheni. Kilianzia chini, kikapanda, kikakatwa na kikohozi kifupi, kisha ukumbi wote ukafuata.

Baba aligeuka taratibu akanitazama. Kicheko kile kilikuwa changu; sauti ya binti yake nani atamfundisha?

"Baba, wallahi sikucheka! Wamepachika. Mhariri ana vicheko vyangu vyote vya zamani, amechukua kimoja akakibandika hapo. Sikia hicho kikohozi! Hiyo ni wiki niliyokuwa na mafua, miezi miwili iliyopita."

"Wiki hiyo mlikuwa mnaonyesha nini?"

"Yule mama wa posta. Aliyefungia barua za watu kabatini mwaka mzima."

"Kwa nini alizifungia?"

"Sijui. Kwenye mchezo alikuwa hajui kusoma."

"Yuko hai?"

"Sijui, Baba."

"Ana watoto?"

Kwenye televisheni wachuuzi walikuwa wanatema mate, na mimi nilikuwa nacheka tena, kwa raha zote. Nilikuwa nimejiandaa kumtukana mhariri, mwongozaji na ukoo wao wote.

"Hicho kicheko ni chako au si chako?" Baba akauliza.

Nikamjibu kwamba ni changu.