Kijitabu cha Kijani

Saa moja na nusu asubuhi, kabla makarani hawajafungua madirisha, mbandikaji wa maktaba ya mahakama alikuwa ameshapika gundi yake: unga wa ngano vijiko vitatu, maji ya moto, na chumvi kidogo ili mende wasiipende. Kazi yake ilikuwa kukata marekebisho kutoka Gazeti la Serikali na kuyabandika kwenye vitabu vya sheria, juu ya maneno ya zamani. Katika miaka thelathini na moja hakuwahi kubandika kipande kikaenda upande wala kikapata mkunjo. Watu walimwita Gundi, naye aliitika kwa jina hilo kama wengine wanavyoitika wakiitwa Profesa.

Katika maktaba hiyo vitabu vilikuwa na uzito wa cheo chake, si wa unene wake. Sheria ndogo za manispaa zilijaa makabati mawili, lakini zilikuwa nyepesi hivi kwamba Gundi alizikandamiza kwa mawe ya mtoni, zisije zikatoka dirishani. Kanuni za mawaziri zilikuwa na uzito wa papai. Sheria iliyotungwa na Bunge ilihitaji mtu mwenye mgongo mzima, na hukumu za Mahakama ya Rufani zilisukumwa kwa toroli. Mikataba ya kimataifa, ambayo wakubwa waliitia saini mbele ya kamera na Bunge halikuwahi kuiridhia, ilielea darini, kila mmoja umefungwa kwa uzi kwenye mguu wa meza. Vitabu vya wale waliotawala zamani vilikaa rafu ya chini kabisa. Wenyewe walikwisha kuondoka siku nyingi, ila uzito waliuacha.

Mila haikuwa na kitabu. Ilikuwa na sanduku la mbao lisilo na kitu ndani, na uzito wake ulitegemea nani amelibeba. Gundi alikuwa amelibeba mara nyingi akifagia, na mkononi mwake halikuzidi sanduku tupu.

Katikati ya chumba, juu ya nguzo fupi ya zege, palikuwa na Katiba, kijitabu cha kijani chembamba kuliko daftari la shule. Sakafu chini ya nguzo ilikuwa imebonyea kidole kizima. Mwaka mmoja mafundi rangi wanne walitaka kukisogeza. Wakaishia kupaka rangi kukizunguka, na mmoja wao hadi leo anavaa mkanda wa kiuno. Gundi alikifuta vumbi kila asubuhi kabla ya kingine chochote. Alikionea fahari kama mtoto aliyefaulu.

Jumatatu hiyo mdogo wake aliingia na hati ya kuitwa mahakamani. Alikuwa dobi, mwanamke wa mikono mipana, aliyefiwa na mumewe miezi mitano iliyopita. Nyumba yao ya vyumba vitatu walikuwa wameijenga pamoja, yeye akifua na mume akipiga matofali. Nyuma ya nyumba ndiko zilikokuwa kamba zake kumi na mbili za kuanikia, na ndizo zilizomlisha.

"Shemeji anaitaka nyumba," alisema. "Anasema mjane ni mgeni, akimaliza msiba anakwenda kwao. Kesi ni Alhamisi, chumba namba tatu."

"Analeta nini mizanini?"

"Ile sheria ya zamani ya mirathi. Na sanduku."

Gundi aliweka brashi chini. Chumba namba tatu kilikuwa moja kwa moja juu ya maktaba, na kila mtu alijua utaratibu wake. Kila upande uliweka sheria yake kwenye mizani ya kukanyaga, ile yenye uso wa duara kama saa, ikipima mpaka kilo mia. Hakimu alisoma mshale, karani akaandika, kesi ikaisha. Ni utaratibu wa haki kwa sababu chuma hakina shemeji. Gundi mwenyewe alikuwa amezibandika Kanuni za Upimaji, zote kumi na moja, na alikuwa akiwaonyesha wageni kurasa zile ili waone kazi safi inavyokuwa.

"Fungua ukurasa wa tisa," alimwambia mdogo wake, akiashiria kijitabu.

Dobi alikifungua pale pale kilipo, maana kufungua hakukuhitaji nguvu. Alisoma kwa sauti kwamba watu wote ni sawa mbele ya sheria, na kwamba hakuna atakayenyang'anywa mali yake kwa kuwa ni mwanamke. Alifika mwisho wa mstari akarudi mwanzo.

"Imeandikwa hivi hivi?"

"Hivi hivi. Hapo sijawahi kubandika kitu."

"Basi nitaweka hii."

"Haijawahi kupanda juu, mdogo wangu. Tangu jengo lijengwe."

"Dada, mimi nabeba maji tangu nina miaka saba," alisema dobi, akaanza kukunja mikono ya blauzi.

Walianza saa nane mchana. Dobi alichukua mbeleko aliyowabebea watoto wake wanne, akaifunga kwenye kijitabu mafundo mawili, Gundi akashika kwa chini. Kutoka kwenye nguzo mpaka mlangoni waliitumia Jumatatu yote iliyobaki. Ngazi zilikuwa ishirini na mbili. Jumanne walipanda tisa, na jioni walikiacha kijitabu kwenye ngazi ya tisa, Gundi akaandika kibao: PITA PEMBENI. Jumatano mawakili walipita pembeni, wakiwaamkia. Hata wakili wa shemeji aliwapa shikamoo, akawaombea nguvu, kisha akapanda na sanduku kwapani. Mlinzi aliwaletea maji ya kunywa na kusema wajikaze kisabuni, na dobi akamjibu kwamba sabuni anaijua kuliko yeye.

Kwenye ngazi ya kumi na tisa Gundi alisimama ili apumue. Alitaka kusema yatosha. Lakini alimwona mdogo wake mbele yake, shingo imetoka mishipa, jasho likimtiririka kutoka kisogoni, na hakuna aliyemlazimisha. Akaona haya kusema. Alijisikia fahari mpaka machozi yakamtoka, na kwa kuwa mikono yote miwili ilikuwa chini ya Katiba, aliyaacha yatoke.

Alhamisi saa tatu kasorobo walivuka kizingiti cha chumba namba tatu.

Shemeji alikuwa mtu mpole, mwenye suti ya kijivu iliyopigwa pasi vizuri. Aliyeipiga ni dobi mwenyewe, wiki ya mazishi. Aliweka sheria ya zamani mizanini. Kilo thelathini na moja. Akalichukua sanduku la mila akaliweka juu yake, na mgongo wake ulipinda kweli kweli, hakuwa anaigiza. Mshale ulikwenda mpaka sabini na nne ukatulia.

"Mheshimiwa," alisema dobi, "mila hiyo hiyo inasema mjane atunzwe, asitupwe nje. Mimi pia naomba nilipime sanduku."

"Ni haki yako," alisema hakimu.

Shemeji alivishusha vyote viwili, naye dobi akalibeba sanduku kwa vidole viwili, akaliweka. Kilo mbili, ambazo zilikuwa za mbao. Karani aliandika mbili, na shemeji akatazama viatu vyake.

"Sasa naweka hiki," alisema dobi.

Walikishusha kijitabu pamoja, dada upande huu na mdogo upande ule. Mshale ulipita kumi, ukapita hamsini, ukapita sabini na nne, ukapita mia. Ulizunguka tena. Watu waliokaa nyuma walisimama ili waone vizuri. Ulizunguka mara nne, na mara ya tano bamba la mizani lilichanika kama kifuniko cha kopo, sakafu ikafunguka chini yake, na Katiba ikaondoka. Kulisikika kishindo kimoja huko chini. Gundi aliinama akachungulia tunduni. Kijitabu kilikuwa kimekaa juu ya nguzo yake, sawasawa, hakikwenda upande hata chembe.

Uso wa mizani ulikuwa bado umesimama. Mshale ulirudi polepole ukatulia kwenye sifuri.

Hakimu alivua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Karani, mshale umetulia?"

"Umetulia, Mheshimiwa."

"Unasomaje?"

"Sifuri, Mheshimiwa."

"Mheshimiwa," alisema dobi, "umeuona ulivyokwenda."

"Nimeuona, mama. Kila aliyemo humu ameuona. Lakini kanuni ya nne haisemi tulichokiona. Inasema kipimo kitasomwa baada ya mshale kutulia." Alimgeukia Gundi kwa heshima. "Wewe ndiye uliyeibandika, mama. Nisahihishe nikikosea."

Gundi aliikumbuka kanuni ya nne. Aliibandika mwaka wa sita wa kazi yake, wino mweusi, pembe nne zimelala vizuri.

"Hukukosea, Mheshimiwa," alisema.

Nyumba ilikwenda kwa shemeji, kilo sabini na nne kwa mbili. Yeye mwenyewe alisaidia kufungua zile kamba kumi na mbili, akazikunja vizuri, akampa dobi mkononi. Dobi alihamia kwa dada yake, ambako uani palitosha kamba nne. Hakimu aliendelea kumletea majoho yake ya kufua, kwa kuwa hakuna aliyeyanyoosha kola kama yeye, na dobi aliyanyoosha, kola zikasimama.

Tundu la chumba namba tatu halikuzibwa. Fundi aliyekuja kulipima alisema ubao wowote utakaowekwa juu ya kijitabu kile utavutwa chini, hivyo kiti cha shahidi kilisogezwa hatua mbili, na watu wakazoea kupita kando. Kuanzia saa nne mpaka saa sita mwanga wa madirisha ya juu ulipita tunduni ukakiangukia kile kijitabu cha kijani. Gundi hakuwahi kuwa na mwanga mzuri hivyo wa kufutia vumbi.

Wiki ya saba Gazeti la Serikali lilikuja na kanuni mpya, ya kumi na mbili. Dobi alikuwa ameleta majoho, basi Gundi alimsomea akiwa amesimama. Ilisema kwamba kitabu chochote chenye uzito unaozidi kilo mia moja hakitapandishwa ngazi za mahakama na mtu yeyote.

"Soma tena," alisema dobi.

Gundi alisoma tena, kisha akachukua mkasi. Alikata kipande kwa kufuata mstari, akakipaka gundi, akakibandika chini ya kanuni ya kumi na moja na kukisugua kwa kitambaa kutoka katikati kwenda pembeni, mpaka hewa yote ikatoka. Hakikuwa na mkunjo. Ukurasa ulianza kupepea, akauwekea jiwe.

"Umeibandika vizuri," alisema dobi.

"Ndiyo kazi yangu."

"Dada, hakuna anayemkataza mbuzi kupanda mwezini. Wamekataza kwa sababu Katiba ilipanda." Aliyaweka majoho begani. "Sasa imeandikwa kwamba ilipanda, na wewe ndiye umeibandika."

Gundi aliitazama kanuni ya kumi na mbili chini ya jiwe lake. Juu, katika chumba namba tatu, kulikuwa na mjane mwingine, na sauti ya karani ilishuka kupitia tunduni ikisema mshale umetulia. Vumbi kidogo likaanguka juu ya kijitabu cha kijani. Dobi alifika kabla ya dada yake, akalifuta kwa ncha ya joho la hakimu.