Hewa ya Mbooni

Mwalimu Mutindi alijua hoja zimemwishia, lakini kukubali hakukubali. Angekubali, Ndeti angekuja tena kufanya nini?

Walikuwa walimu wa sayansi waliostaafu, yeye mjane, Ndeti mgane, wakiandika pamoja kitabu cha watoto kuhusu watu watakaoishi siku moja ndani ya asteroidi, ile miamba mikubwa inayozunguka jua. Unachimba mwamba katikati kama kibuyu, unaziba, unajaza hewa, unaingiza watu. Ilikuwa imebaki sura moja tu: hewa ijazwe kwa presha gani? Ikizidi, inausukuma mwamba kutoka ndani mpaka upasuke. Ikipungua mno, watu wanahema na kuzimia.

Ndeti, mtu wa Tseikuru kule chini kwenye joto na mbuzi, alitaka hewa nzito ya kwao. Mutindi, mzaliwa wa milima ya Mbooni, akasema hewa nyepesi ya huku juu inatosha, na mwamba hautasumbuka. Watu wazima hao! Anga lote hilo, na kila mtu anataka kupeleka kijiji chake.

Basi kila Jumamosi Ndeti alipanda mlima kwa bodaboda kuja kubishana. Mutindi alimpikia muthokoi, akambishia, akamwongezea chai, akambishia tena. Alimpenda yule mzee, ndiyo hivyo. Na mwanawe aliyekuwa mjini Athi River alikuwa amemsihi mama yake ahamie kwake. Kitabu kingeisha, hangekuwa na sababu ya kukataa.

Jumamosi hiyo Ndeti alifika kwa miguu, na wala hakuwa anahema.

"Umeshinda," akasema hata kabla ya kuketi. "Andika hewa ya Mbooni."

Mutindi aliweka mwiko chini. "Ati nini? Nani amekuambia ukubali? Na wale wazee wa vifua vibaya uliosema hewa yetu itawamaliza?"

"Nimempima mmoja."

"Nani?"

"Mimi. Nimelala kwa binamu yangu hapo ng'ambo tangu Jumapili. Mwanzoni kifua kilipiga filimbi, usingizi hakuna. Sasa nimezoea. Jana hata nimelima."

"Wiki nzima uko Mbooni na hukuja kunisalimia! Haki huna adabu."

"Ningekuja nikihema, ungenicheka."

"Ningekucheka sana." Mutindi akageukia jiko ili machozi yasionekane. "Haya, kitabu kimeisha. Hutakuwa na haja ya kuja huku tena."

"Kuja sitakuja." Ndeti alivua kofia, akaizungusha mikononi. Kwa mara ya kwanza hakumwita Mwalimu. "Mutindi, mtu hawezi kuteseka kifua hivyo kwa ajili ya kitabu cha watoto. Nataka kukaa hapa, na wewe. Mbuzi wa ntheo, wa kuposa, nimewafikisha kwa kaka yako Mulinge. Anangoja neno lako."

Mutindi aligeuka kumtazama. Aiya! Hata Mulinge alijua, na jana walisalimiana kama kawaida.

"Mwanamume kuhamia kwa mke?" akasema. "Kule Tseikuru watasema umeolewa."

"Washaanza. Ndugu yangu ameuliza ni nani atakayenilipia mahari."

Mutindi alipangusa macho kwa ncha ya leso, akavuta kiti, akaketi karibu naye.

"Mwambie nitalipa mwenyewe."