Mzimu wa Rangi Nyeupe

Mzee Yordani wa Makuyuni hakuwa na mke, hakuwa na ng'ombe, hakuwa na cheti zaidi ya kile alichopata kwa masomo ya usiku akiwa kibarua wa mkonge, na tangu mwaka jana hakuwa na binti yake Salome. Alibaki na kompyuta ya zamani ya Salome, aliyomwachia baba yake alipokwenda kuolewa na Hashim kule Handeni. Ndoa ile mzee aliikataa kwa ajili ya dini. Mjukuu wake Shamimu hakupata kumwona. Hata Salome alipofariki, mazishini hakwenda.

Asubuhi moja alifungua kivinjari asome habari za mvua, akakuta ukurasa uliokuwa mweupe miaka yote umegeuka pinki, maua yametapakaa pembeni. Pinki ilikuwa rangi ya Salome, tangu sare za kwaya hadi kandambili. Akaifunika haraka. Lakini kompyuta alijifunza mwenyewe, na kushindwa hakukupenda. Akapekua kwenye mipangilio mpaka akairudisha nyeupe. Kesho yake, pinki. Akairudisha. Ikageuka tena. Ikafika mahali akawa anapiga hodi kabla ya kuifunua.

Mwishowe akaibeba hadi Korogwe mjini, kwa Ritha mwenye duka la kutoa kopi.

“Shikamoo babu. Leo imekushinda?”

“Marahaba. Usinitanie, mama. Humu ndani kuna mtu.”

Ritha alicheka, akabonyeza hapa na pale, halafu akaacha kucheka. Akamweleza kuwa kivinjari kile bado kilikuwa kwenye akaunti ya Salome, na akaunti hiyohiyo ilikuwa wazi kwenye kompyuta nyingine huko Handeni. Rangi ikibadilishwa kule, na huku inabadilika. Hata wanachokitafuta mtandaoni kinaonekana. Akamgeuzia kioo, mzee akavaa miwani.

Swali la karibuni kabisa, la jana, lilisomeka: *mtoto anaogopa kompyuta ya marehemu mama yake inarudi nyeupe yenyewe*. Chini yake: *dua ya mtoto asiyelala*.

Mzee alisoma, akarudia, akavua miwani.

“Kumbe mzimu ni mimi,” akasema.

Ritha akamuuliza kwa upole kama awakate wale wa Handeni, kila mtu abaki na rangi yake. Mzee akakataa. Namba ya Hashim alikwisha kuifuta kwa hasira, akaomba karatasi na bahasha. Akaanza na “Bwana Hashim”, akalikata, akaandika juu yake “Mwanangu”.

*Mwanangu Hashim, anayeirudisha nyeupe ni mimi, baba yake Salome. Sikujua. Mwambie Shamimu hakuna kitu kibaya humo, ni babu yake tu, na pinki yake sitaigusa tena. Ukiniruhusu, nitakuja kumsalimia, kisha unipeleke kaburini kwa Salome.*

Akalamba gundi, akaifunga bahasha na kuikandamiza kwa kiganja. Stendi alimkabidhi kondakta wa basi la Handeni, akamtajia jina mara mbili, akasimama pale mpaka basi likaondoka.