Mawe ya Sauna ya Martta

Mimi mambo ya injini siyajui, nisiwadanganye. Ninachojua ni kwamba injini ya mashua yetu hunywa maji ya ziwa ili isichemke, na maji hayo yakilala ndani usiku wa baridi kali yanaganda, yanatanuka, chuma kinapasuka. Ikishapasuka, basi tena.

Sasa Jumamosi ile redio ikatangaza baridi ya kugandisha. Pale kisiwani mashua zote zilikuwa zimeshavutwa nchi kavu, isipokuwa yetu. Tuliiacha majini kwa sababu kesho yake ilikuwa tuvuke, na Jumatatu asubuhi mume wangu Taisto atolewe mtoto wa jicho. Nafasi hiyo ya hospitali aliingoja mwaka mzima.

“Fungua nati ya chini, maji yatoke,” aliniambia, amesimama gatini akipapasa hewa. Nati ilikuwa imeshika kutu. Nilizungusha spana mpaka kichwa cha nati kikalika.

“Ukilazimisha itakatika,” akasema. “Acha tu, Irja. Macho yangu nimeshayazoea.”

“Umeyazoea? Wewe unatia chumvi kwenye kahawa, mimi ndiye ninayeinywa!”

Hasira zilinipanda, lakini ukweli nilitaka kulia. Umeme pale gatini hakuna, na dizeli iliyobaki ilitosha kuvuka tu, si kuiacha injini ikiunguruma mpaka asubuhi. Hapo nikaona moshi wa sauna ya Martta, jirani yetu, kile kibanda chake cha kuogea mvuke wa mawe ya moto. Nikatimua mbio.

Martta ana miaka themanini na kitu, na sauna yake ya Jumamosi haina mjadala. Hata mchungaji aliwahi kungojeshwa nje mpaka ajute kuja. Nilimkuta mlangoni kajifunga taulo, ndiyo kwanza anataka kuingia.

“Martta, naomba mawe yako.”

“Mawe gani?”

“Ya jiko la sauna. Yote.”

“We mtoto una wazimu? Nimeshavua nguo!”

Nikamweleza. Akavaa koti juu ya taulo. “Usinisimamie hapo kama mlingoti. Leta toroli.”

Mawe aliyatoa mwenyewe kwa koleo, moja moja, akayatia kwenye vyungu vya chuma huku akilaani baridi, injini na wanaume wote waliozitengeneza. Tulivipanga vyungu kandokando ya injini, tukavifunika, tukatandaza juu mazulia ya matambara na ngozi za kondoo. Mimi nikadhani kazi imekwisha. Kumbe mwenzangu amerudi kukoka moto upya, na mawe ya kwanza yalipopoa akaleta mengine. Alifanya hivyo mpaka kukapambazuka.

Asubuhi ndoo ya maji gatini ilikuwa imeganda hadi chini. Niliwasha injini. Ikakohoa, ikakohoa tena, ikanguruma, na maji yakaanza kutoka kwenye bomba la nyuma. Nililia kwa sauti, sioni haya kusema.

“Yatakugandia mashavuni hayo,” Martta akasema. “Haya, nendeni.”

Tuliporudi alikuwa gatini kutupokea kamba. Taisto, bandeji imeshatolewa, alishuka akamkazia macho.

“Ee, Martta! Umezeeka hivi tangu lini?”

Nilitamani ardhi inimeze. Martta alicheka mpaka akashika nguzo. “Ningejua, ningeiacha injini yenu ipasuke!”

Taisto naye akacheka, akamshika mikono amsalimie vizuri. Mara kicheko kikamkatika. Akaigeuza mikono ile juu.

“Na hii imekuwaje?”

Vidole vyote vilikuwa na malengelenge, mengine yamepasuka. Martta akaichomoa haraka, akaificha ndani ya aproni. “Si mawe tu. Hebu twendeni, kahawa inapoa.”

Usiku kucha nilikuwa naye bega kwa bega, mimi nimevaa glavu nene, nikipokea vyungu kutoka mikononi mwake, na sikuona kitu. Nilimkumbatia palepale, aproni na kila kitu, nikamwambia asante mpaka akanisukuma.