Kila Nyumba na Mgonjwa Wake

Filimbi ya kwanza ililia kutoka juu, upande wa Gesima, na Bosibori akaacha mboga zikiungua jikoni. Huku bondeni hata tone halikuwa limeanguka. Jua liliwaka juu ya migomba kama siku yoyote ile. Lakini filimbi ilikuwa na maana moja tu: mvua imepiga milimani, mto unakuja.

Filimbi ya pili ikaitikia darajani.

Tangu mafuriko ya mwaka jana, yaliyobeba ng'ombe wa watu na jiko la jirani yao Masese pamoja na sufuria zake, wakazi wa bonde walikuwa wamejipanga. Walikata mikaratusi ya ukingoni wakapanda mianzi. Walizibua mtaro uliojaa mashina ya migomba. Watu wa juu walikubali kuwapulizia filimbi watu wa chini. Na kuhusu wasioweza kutembea, kamati ilikata shauri jepesi, kanisani, baada ya ibada: kila nyumba ibebe mgonjwa wake hadi shule ya msingi, kule mlimani. Wote waliinua mikono. Bosibori naye aliinua, maana mumewe Haron alikuwa ameketi kando yake, na Haron ana mabega mapana kama mlango.

Sasa alimpigia Haron simu.

"Niko Nyamache sokoni," Haron alisema. "Na Tata?"

"Yuko kwake."

Haron akasema haraka, "Mwite Masese. Nakuja." Simu ikakatika.

Tata alikuwa mzee Angwenyi, baba yake Haron. Alivunjika nyonga alipoteleza shambani, na tangu hapo hakusimama tena. Nyumba yake ilikuwa chini kabisa, karibu na maji, na alikataa kuhamishwa. Tangu aolewe, Bosibori hakuwahi kuvuka kizingiti cha nyumba ile. Mke wa mtoto haingii kwa baba mkwe. Hamshiki mkono, hamtazami usoni. Heshima hiyo wenyewe huiita ensoni, na hata waliobatizwa wanaishika, hata wenye digrii. Chakula Bosibori alikiweka barazani, akakohoa, akaondoka, na binti yake Linda akakiingiza ndani. Lakini Linda alikuwa shuleni, kule mlimani.

Alikimbia hadi kwenye kijia. Masese alikuwa anapanda huku amembeba mama yake mgongoni, anahema.

"Masese, nisaidie na Tata!"

"Mama Linda, mimi nina migongo mingapi? Wako beba wewe, si tulikubaliana?" Kisha Masese akakumbuka huyo wake ni nani, na uso ukambadilika. "Wacha nimfikishe mama. Nitarudi."

"Utakuta maji."

"Nitakimbia!"

Nyuma yao mto ulianza kusikika. Ulinguruma kama lori linalomwaga kokoto, halafu ukaonekana, mwekundu, umebeba migomba mizima na mlango wa choo cha mtu.

Bosibori alishuka. Alipofika barazani maji yalikuwa yameshaingia kwenye ndala zake.

"Tata! Mto unakuja."

"Nimesikia filimbi," sauti ya mzee ilijibu kutoka ndani. "Haron yuko wapi?"

"Nyamache."

"Basi nitamngoja."

"Hawezi kufika, Tata."

"Nani mwingine yuko hapo?"

"Ni mimi tu."

Mzee alisema polepole, "Basi nenda, mama Linda. Nenda kwa mtoto wako."

Upole ule ulimtisha Bosibori kuliko mto. Mzee angemfokea, Bosibori angejua la kufanya.

"Tata, naingia."

"Usiingie! Sijavaa shati."

"Vaa."

"Liko kwenye kiti, na kiti kiko mbali!"

"Nitakufunika leso yangu."

"Watu watasema nini? Mimi, Angwenyi, juu ya mgongo wa mke wa mwanangu? Heri maji."

Bosibori alishika fremu ya mlango. Maji yalipanda juu ya vifundo vya miguu. Alitaka kukimbia, na miguu ilikuwa tayari. Badala yake aligeuka, akaupa mlango mgongo, akainua mguu na kuvuka kizingiti kinyumenyume.

"Tata, sikuoni," alisema. "Nimetazama nje. Niambie kitanda kiko wapi."

Sufuria ilielea ikagonga ukuta.

"Tata!"

"Kulia," mzee akasema mwishowe. "Kidogo tu. Hapo kuna stuli, utaanguka."

Alirudi nyuma hadi mashavu ya miguu yakagusa mbao za kitanda. Akavua leso, akairusha juu ya bega bila kugeuka, akachuchumaa majini. Alihisi mikono miwili ikimgusa mabega kwa woga, kama mtu anayejaribu sufuria ya moto, kisha ikakaza.

Nje maji yalimfika mapajani. Gogo lilimpiga gotini, akayumba.

"Shika mgomba!" mzee alifoka sikioni mwake. "Si huo, huo umeoza! Ule mwingine!"

Aliushika ule mwingine. Akavuta mguu, akavuta wa pili, hadi wakaufikia mteremko wa majani chai.

Shuleni, watu walipowaona, mazungumzo yalikatika. Wanaume walikohoa, wakatazama pembeni. Bosibori alimketisha mzee kwenye dawati alilolileta Linda na kusimama nyuma yake, macho chini, akitamani ardhi immeze.

"Mnatazama nini?" Angwenyi aliuliza ndani ya leso ya maua. "Hamjaona mtu akibebwa?"

Hakuna aliyecheka. Bochaberi, aliyekuwa ameolewa majuzi nyumba ya pili kutoka darajani, ndiye aliyeanza kulia.

"Baba mkwe wangu bado yuko ndani," alisema. "Nilishindwa kuingia. Nilidanganya kwamba nyumba ni tupu."

Masese, aliyekuwa ameshafunga viatu kumfuata Angwenyi, aliondoka mbio, na wanaume wawili nyuma yake. Waliobaki walisimama kwenye ua wa shule wakitazama paa moja la mabati lililozungukwa na maji. Bochaberi aling'ata kidole. Bosibori alimshika mkono mwingine, hakumwambia kitu.

Walirudi wamelowa hadi kifuani. Mzee wa Bochaberi alikuwa hai, anatapika maji ya matope na kuulizia redio yake.

Kwamboka, mwenyekiti wa kamati, aliketi kwa kishindo. "Tulipoinua mikono kanisani, nani hakujua kwamba wake za watu watakwama mlangoni?"

Walijua wote. Waliona haya kulitaja.

"Siku nyingine nileteeni Masese," Angwenyi alisema, bado amempa Bosibori mgongo. "Huyo naweza kumtukana njiani."

Hapo watu walicheka.

"Na mama yangu abebwe na nani?" Masese akauliza.

Bosibori hakuwahi kusema lolote kwenye mkutano.

"Na mimi," alisema. "Mama yako nitambeba mimi."

Kwamboka alimwangalia, akatikisa kichwa kukubali, akageukia nyumba iliyofuata. "Bochaberi, mzee wako nani anaweza kuingia kwake?" Na huku mto ukinguruma chini yao, wakaanza kupanga upya.